Kumuuliza Mtoto: Historia ya Kutambua Mapema Hatari ya Kujiua Utotoni

Uchunguzi wa awali wa hatari ya kujiua ni utaratibu wa kuwauliza watoto maswali machache, yaliyotungwa na kujaribiwa kitaalamu, ili kuwatambua wanaowaza kufa kabla mawazo hayo hayajageuka kitendo. Huweza kufanywa na muuguzi hospitalini, daktari kliniki au mshauri shuleni. Si njia ya kuthibitisha ugonjwa, wala si hukumu juu ya mtoto. Kazi yake ni moja tu: kuonyesha ni mtoto yupi anahitaji kukaa na mtaalamu kwa mazungumzo marefu na ya makini zaidi.

Utaratibu huu bado ni mchanga. Madodoso ya watoto yenye swali la aina hiyo yalianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, na maswali mafupi yaliyotungwa mahsusi kwa ajili ya idara za dharura za watoto ni ya karne hii ya 21. Lakini mjadala ulioyazaa una zaidi ya miaka 100. Ndani yake limo swali ambalo watu wazima walichelewa sana kulikabili: je, mtoto mdogo anaweza kweli kutaka kufa? Historia ya uchunguzi huu kwa sehemu kubwa ni historia ya namna swali hilo lilivyokwepwa, likabishaniwa, na hatimaye likaulizwa kwa mtoto mwenyewe.

Majedwali ya karne ya 19

Kuhesabu vifo vya kujiua kulianza kama kazi ya makarani wa serikali. Katika karne ya 19 mataifa ya Ulaya yalikuwa yakichapisha majedwali ya vifo kwa umri, jinsia, dini na kazi. Kutokana na majedwali hayo daktari Mwitaliano Enrico Morselli alitoa kitabu kikubwa juu ya kujiua mwaka 1879, na mwaka 1897 Émile Durkheim wa Ufaransa akachapisha Le Suicide, kitabu kilichoweka msingi wa kulichunguza jambo hilo kisosholojia. Takwimu zilionyesha kuwa vifo hivyo ni nadra sana utotoni na kwamba huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kwa Durkheim hilo halikuwa la kushangaza. Alikuwa akitafuta chanzo cha kujiua katika uhusiano wa mtu na jamii, na mtoto alikuwa bado hajaingia katika jamii kikamilifu.

Majedwali yalikuwa na manufaa, lakini yalihesabu waliokwisha kufa. Hayakumsaidia mwalimu wala mzazi kumtambua mtoto aliye hai na mwenye kuhitaji msaada. Tena yalikuwa na kasoro ambayo haijaisha hadi leo: kifo cha mtoto mdogo ni rahisi kuandikwa kuwa ajali, ama kwa sababu mchunguzi haamini kwamba mtoto angeweza kukusudia, ama kwa kuwahurumia wazazi. Hata sasa takwimu rasmi za kujiua za England na Wales huanzia umri wa miaka 10. Vifo vya walio chini ya hapo haviingizwi katika hesabu hiyo.

Shule za Prussia na mjadala wa Vienna

Kuelekea mwisho wa karne hiyo, vifo vya wanafunzi viligeuka kuwa mjadala wa hadhara katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Tamthilia ya Frank Wedekind, Frühlings Erwachen, iliyochapishwa mwaka 1891 na kuigizwa Berlin mwaka 1906, ilimpandisha jukwaani mwanafunzi anayeelemewa na masomo huku watu wazima wakikaa kimya juu ya yale yanayomsumbua. Mjini Berlin daktari Albert Eulenburg alipitia kumbukumbu rasmi za Prussia kuhusu wanafunzi waliojiua, akizichambua kwa sababu zilizotajwa: hofu ya mitihani na adhabu, maradhi ya akili, na matatizo ya nyumbani. Magazeti yaliielekezea shule lawama kubwa zaidi.

Aprili 1910 Jumuiya ya Saikoanalisia ya Vienna ilikaa kulijadili jambo hilo. Mwalimu David Ernst Oppenheim alifungua kwa kuitetea shule dhidi ya lawama zilizopita kiasi. Alfred Adler alieleza kujiua kwa hisia ya unyonge na haja ya kuwaumiza ndugu wanaobaki. Wilhelm Stekel naye aliona ndani yake hasira ya kuua iliyogeuziwa nafsi. Sigmund Freud, mwasisi wa jumuiya hiyo, hakuridhika na utetezi wa Oppenheim. Kwa maoni yake, haitoshi shule kujivunia kwamba haiwasukumi wanafunzi kwenye kifo. Inapaswa kuwatia hamu ya kuishi na kuwa tegemeo lao katika umri ambao uhusiano wao na nyumbani unaanza kulegea, wala haifai kusahau kwamba walio mbele yake bado hawajakomaa.

Mkutano ulimalizika bila kauli moja, na majadiliano yake yakachapishwa mwaka huohuo. Umuhimu wake ni kwamba walimu na madaktari walikaa pamoja wakakubali kuwa jambo hili linawahusu wote. Upungufu wake ni kwamba lilibaki kuwa suala la nadharia. Hakuna njia ya kumtambua mwanafunzi aliye hatarini iliyotoka humo, na watoto wa umri wa chekechea na madarasa ya chini hawakuwa katika fikra za wazungumzaji.

Imani kwamba mtoto hawezi

Kwa muda mrefu wa karne ya 20, wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto mdogo hawezi kuwa na sonona wala kukusudia kufa. Imani hiyo ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa nadharia. Wanasaikoanalisia walifundisha kuwa sonona hutokana na dhamiri kali inayoishambulia nafsi, na kwa kuwa dhamiri ya mtoto haijakomaa, sonona haiwezi kumpata. Mtoto mwenye huzuni nzito alisemwa kuwa mkaidi, mvivu au mgonjwa wa tumbo.

Nguzo ya pili ilitokana na tafiti kuhusu uelewa wa kifo. Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watoto 378 wa Hungaria wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Aliona hatua tatu. Walio chini ya miaka 5 hivi walikichukulia kifo kama safari au usingizi, hali ambayo mtu anaweza kurudi kutoka humo. Wa miaka 5 hadi 9 walikipa sura ya kiumbe kinachokuja kumchukua mtu. Kuanzia miaka 9 hivi ndipo walipoelewa kuwa kifo humfika kila mtu na hakina marejeo. Wengi walihitimisha kutokana na matokeo hayo kwamba asiyejua kifo ni nini hawezi kukitaka.

Hitimisho hilo lina pengo la hatari. Mtoto anayedhani atafumba macho kisha aamke hajakingwa na kutoelewa kwake. Huenda kutoelewa huko ndiko kunakomwondolea hofu. Miongo kadhaa ilipita kabla ya hoja hiyo kupewa uzito.

Takwimu zilionekana kuunga mkono imani ya zamani. Mwaka 1974 David Shaffer, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alichapisha uchambuzi wa vifo vya watoto wapatao 30 wa England na Wales waliojiua kati ya 1962 na 1968 wakiwa chini ya miaka 15. Hakupata hata mmoja aliye chini ya miaka 12. Lakini utafiti huo ulikuwa na jambo lingine lenye faida kwa walimu na wazazi hadi leo. Mara nyingi kifo kilitanguliwa na mgogoro wa nidhamu: mtoto alikuwa amekosa, akawa anangoja kosa lake lifikishwe nyumbani au apewe adhabu.

Dalili za onyo, na mipaka ya ubashiri

Wakati huohuo, kwa upande wa watu wazima, juhudi za kinga zilikuwa zimeshaanza. Mwaka 1948 Erwin Ringel alianzisha Vienna huduma ya kuwasaidia waliochoka kuishi, na miaka michache baadaye akaeleza hali inayotangulia jaribio la kujiua: maisha ya mtu husinyaa, hasira hugeukia ndani, na mawazo ya kufa humtawala. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha London huduma ya simu ya Samaritans. Alikuwa amebeba moyoni kumbukumbu ya msichana mdogo aliyemzika mwanzoni mwa kazi yake, aliyejiua kwa kuogopa hedhi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Mwaka 1958 Edwin Shneidman, Norman Farberow na Robert Litman walifungua kituo cha kuzuia kujiua mjini Los Angeles, na kazi yao ikaonyesha kuwa watu wengi wanaojiua huwa wametoa ishara fulani kabla. Kutokana na kazi za namna hii yalienea maarifa ya dalili za onyo: kusema maneno ya kuaga, kugawa vitu vya thamani, kujitenga, kubadilika ghafla kwa usingizi na hamu ya chakula.

Dalili hizo zilimsaidia mtu wa karibu kuchukua hatua, lakini hazikuweza kugeuzwa kuwa chombo cha kubashiri nani atakufa. Mwaka 1954 Albert Rosen alieleza kwa hesabu sababu yake: jambo likiwa nadra sana, hata kipimo kizuri kitawanyooshea kidole watu wengi wasio hatarini kwa kila mmoja aliye hatarini kweli. Mwaka 1983 Alex Pokorny alithibitisha hoja hiyo kwa vitendo. Alifuatilia wagonjwa 4,800 wa hospitali ya maveterani wa jeshi mjini Houston, na kwa vipimo vyote alivyokuwa navyo hakuweza kuwabainisha mapema wale 67 waliokuja kujiua. Utotoni, ambako vifo hivi ni nadra zaidi, tatizo hilo ni kubwa maradufu. Ndiyo maana uchunguzi wa watoto ulichukua lengo tofauti na ubashiri, yaani kumtambua mtoto anayeteseka leo ili asaidiwe leo.

Madodoso ya kwanza ya watoto

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Maria Kovacs wa Marekani alichukua dodoso la sonona la Aaron Beck, lililotungwa kwa ajili ya watu wazima mwaka 1961, akaliandika upya kwa lugha ya watoto wa miaka 7 hadi 17. Dodoso lake lina vipengele 27. Katika kila kimoja mtoto husoma sentensi tatu na kuchagua ile inayoeleza hali yake ya wiki mbili zilizopita, na kipengele kimoja humuuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo lake la tatu, ulikubali kuwa sonona ya mtoto inaweza kutambuliwa kwa vigezo vilevile vya mtu mzima. Nguzo ya kwanza ya imani ya zamani ilikuwa imeanguka.

Ya pili iliangushwa na madaktari waliokaa chini na watoto wenyewe. Cynthia Pfeffer wa New York aliwachunguza watoto wa miaka 6 hadi 12, kwanza waliolazwa hospitalini, kisha wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hata wanafunzi wasio wagonjwa. Akatunga vipimo vya hatari yao, na mwaka 1986 akachapisha kitabu The Suicidal Child. Msimamo wake ulikuwa kwamba nia ya mtoto haipimwi kwa usahihi wa ufahamu wake wa kifo. Akiamini kwamba kitendo fulani kitamuua, nia hiyo ni ya kweli hata kama kitendo chenyewe hakiwezi kumdhuru, na hata kama anadhani atarudi. Pfeffer pia alifundisha wataalamu kutazama michezo ya watoto: kurudia bila kuchoka visa vya kutengana, hatari na kifo, ambamo hakuna mtu anayekuja kumwokoa anayeumia.

Mwaka 1984 Perihan na Stuart Rosenthal waliripoti katika jarida kuu la magonjwa ya akili la Marekani kuhusu watoto 16 wa umri wa miaka 2 na nusu hadi 5 waliokuwa wamejidhuru vibaya au kujaribu kufanya hivyo. Miongoni mwao wengi walikuwa watoto wasiotakiwa, waliopigwa au kutelekezwa. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Israel, Israel Orbach, alitoa kitabu kuhusu watoto wasiotaka kuishi, akieleza hali aliyoiona mara kwa mara: mtoto ametwishwa na familia tatizo lisilo na ufumbuzi. Kila njia anayoijaribu huonekana kosa, na hana ruhusa ya kulitua wala kulisema. Mwaka 1987 William Reynolds alichapisha dodoso la mawazo ya kujiua kwa vijana, ambalo baadaye lilitumika kuwa mizani ya kupimia madodoso mafupi zaidi.

Uchunguzi waingia shuleni

Katika miaka ya 1990 Shaffer, sasa akiwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alitengeneza dodoso la kuwachunguza wanafunzi wa sekondari. Kutokana nalo ulizaliwa mpango wa TeenScreen, ulioenea katika majimbo mengi ya Marekani. Upinzani ulikuwa mkali. Wazazi walilalamika kuwa watoto wao wanaulizwa mambo mazito bila ridhaa yao ya wazi, na huko Indiana familia moja ilifikisha malalamiko hayo mahakamani. Wengine walihofu kuwa uchunguzi ungeongeza watoto wanaopewa dawa. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 2004, pale mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoagiza dawa za sonona ziwekewe onyo zito. Uchambuzi wa majaribio 24 ulikuwa umeonyesha mawazo au vitendo vya kujiua kwa takriban asilimia 4 ya watoto na vijana waliopewa dawa hizo, dhidi ya asilimia 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, ingawa hakuna aliyekufa katika majaribio hayo. TeenScreen ilifungwa mwaka 2012.

Hofu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kale zaidi: kwamba kumuuliza mtoto kuhusu kujiua ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walilijaribu jambo hilo kwa wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari za jimbo la New York. Nusu waliulizwa maswali ya kujiua katika dodoso la kwanza, nusu hawakuulizwa. Siku mbili baadaye waliokuwa wameulizwa hawakuwa na majonzi zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua kuliko wenzao. Na kwa wanafunzi waliokuwa tayari na sonona au waliowahi kujaribu kujiua, kuulizwa kulielekea kuwapa nafuu. Matokeo haya yameungwa mkono na tafiti nyingine, na ni miongoni mwa misingi ya uchunguzi unaofanywa leo.

Lakini kuuliza peke yake hakukutosha. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioongozwa na Danuta Wasserman wa Sweden, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha njia tatu katika shule 168 zenye wanafunzi 11,110 wa nchi 10. Njia moja ilikuwa kuwafundisha walimu kutambua dalili, ya pili ilikuwa wataalamu kuwachunguza wanafunzi kwa dodoso, na ya tatu ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wenyewe kuhusu afya ya akili kwa maigizo na mazungumzo. Baada ya miezi 12 ni njia ya tatu pekee iliyokuwa imepunguza kwa kiasi cha kuaminika majaribio ya kujiua: asilimia 0.70 dhidi ya 1.51 kwa shule ambazo hazikupewa njia yoyote kati ya hizo.

Uchunguzi waingia hospitalini

Hospitali zilikuwa na sababu yao ya kuanza. Watoto na vijana wengi waliojiua walikuwa wamepita mbele ya mhudumu wa afya miezi michache kabla, wakilalamikia kichwa au tumbo, na hakuna aliyewauliza zaidi. Lisa Horowitz, mwanasaikolojia wa watoto, alitunga dodoso la maswali manne kwa ajili ya chumba cha dharura na kulichapisha mwaka 2001. Baadaye, akiwa katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, aliongoza utafiti katika idara tatu za dharura za watoto. Wagonjwa 524 wa miaka 10 hadi 21 waliulizwa maswali 17 ya majaribio, na majibu yakalinganishwa na dodoso refu la Reynolds. Maswali manne yaliyofaa zaidi yalichapishwa mwaka 2012 kwa jina la ASQ.

Maswali hayo humuuliza mtoto kama katika wiki za karibuni ametamani angekuwa amekufa, kama amehisi kuwa yeye au familia yake wangekuwa na hali nafuu asingekuwepo, kama amewaza kujiua, na kama amewahi kujaribu. Anayejibu ndiyo huulizwa la tano: je, anawaza hivyo sasa hivi? Mzazi huombwa kutoka nje kwanza, maana watoto wengi hawawezi kusema mbele yake. Yote huchukua chini ya dakika moja. Katika utafiti wa kwanza maswali manne yaliwagundua karibu 97 kati ya kila watoto 100 ambao dodoso refu liliwaona kuwa hatarini. Kwa upande mwingine, kati ya kila 100 wasio hatarini, 12 hivi walihesabiwa kuwa wamo. Ndiyo sababu jibu la ndiyo hufuatwa na mazungumzo na mtaalamu kabla ya uamuzi wowote. Mwaka 2015 hospitali ya Parkland mjini Dallas ilianzisha uchunguzi wa wagonjwa wake wote, na ikaufanya kwa watoto kuanzia miaka 10.

Kushuka hadi umri mdogo

Kadiri takwimu zilivyoboreka, umri uliotazamwa ulishuka. Mwaka 2015 Jeffrey Bridge na wenzake walichambua vifo 657 vya kujiua vya watoto wa Marekani wenye miaka 5 hadi 11 kati ya 1993 na 2012. Kwa jumla kiwango hakikuwa kimebadilika, lakini ndani yake mlikuwa na jambo lililofichika: kwa watoto weusi kiwango kilikaribia kuongezeka mara mbili, na kwa weupe kilipungua. Mwaka uliofuata Arielle Sheftall na wenzake walionyesha kuwa dalili za watoto wadogo si zile za vijana. Kati ya watoto wa miaka 5 hadi 11 waliojiua wakiwa na tatizo la akili lililojulikana, karibu 6 kati ya 10 walikuwa na tatizo la kushindwa kutulia na kukaza fikra. Kwa wa miaka 12 hadi 14, theluthi mbili walikuwa na sonona. Mara nyingi kilichowatangulia wadogo ni ugomvi na ndugu au marafiki. Aliyetafuta mtoto mpole anayelia pembeni angeweza kumkosa mtoto mtundu anayefukuzwa darasani kila siku.

Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Joan Luby na wenzake wamewachunguza watoto wa chekechea wenye sonona. Waliona kuwa mawazo ya kujiua katika umri huo si ya kupita tu: watoto waliokuwa nayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuwa nayo walipofika umri wa shule. Kinyume na matarajio, watoto hao walielewa kifo vizuri kuliko wenzao. Na mwaka 2020 utafiti wa watoto zaidi ya 11,000 wa Marekani wenye miaka 9 na 10 ulionyesha kwamba katika zaidi ya robo tatu ya kesi ambazo mtoto alieleza mawazo au vitendo vya kujiua, mzazi au mlezi hakuwa na habari. Kumuuliza mzazi peke yake, njia iliyotumika kwa miaka mingi, kulikuwa kumewaacha watoto wengi gizani.

Mwaka 2022 miongozo mitatu ilionyesha mahali elimu hii ilipofika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kila kijana wa miaka 12 na zaidi aulizwe. Wa miaka 8 hadi 11 aulizwe pale hali yake inapodai. Aliye chini ya miaka 8 asipewe dodoso, bali akionyesha dalili afanyiwe tathmini kamili na mtaalamu, pamoja na wazazi. Jopo la kitaifa la huduma za kinga la Marekani lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza uchunguzi huo kwa watoto na vijana wote wasio na dalili. Na mwongozo wa taifa nchini Uingereza kuhusu kujidhuru uliwakataza wahudumu kutumia vipimo vya alama kubashiri nani atajiua au kuamua nani anyimwe huduma. Kauli hizi tatu zinalingana kuliko zinavyoonekana. Hakuna inayomzuia mhudumu kumsikiliza mtoto, wala hakuna inayoruhusu karatasi ichukue nafasi ya mazungumzo.

Kinga inayotangulia maswali

Mtoto anaweza pia kukingwa kabla ya kuulizwa, na ushahidi mmoja wenye uzito mkubwa wa hilo unatoka darasani. Mwaka 1985 shule 19 za msingi za Baltimore ziliingia katika jaribio lililoongozwa na Sheppard Kellam. Katika baadhi ya madarasa ya kwanza walimu walitumia mchezo wa nidhamu uliobuniwa Kansas miaka ya 1960, ambamo watoto hukaa kwa makundi na kundi zima husifiwa kwa utulivu wa wote. Hakuna aliyeulizwa chochote kuhusu kifo. Walipofika miaka 19 hadi 21, waliocheza mchezo huo waliripoti mawazo ya kujiua kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao. Kundi la wanafunzi wa mwaka uliofuata halikuonyesha nafuu kubwa kama hiyo, lakini somo lilibaki: mtoto wa miaka 6 aliyefundishwa kutulia na kukubaliwa na wenzake huenda amepewa kinga ya miaka mingi.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki maswali ya kujiua yaliwafikia wanafunzi wengi kupitia utafiti wa afya ya wanafunzi unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, uliofanywa Kenya na Uganda mwaka 2003, na Dar es Salaam mwaka 2006. Wanafunzi walijaza bila kuandika majina, kwa hiyo ulionyesha ukubwa wa tatizo lakini haukuweza kumfikisha mtoto yeyote kwa mshauri.

Kikwazo kingine cha kumfikisha mtoto kwenye msaada ni sheria zilizorithiwa kutoka utawala wa Uingereza. England na Wales zilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 1961, lakini makoloni mengi yalibaki nalo. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilidumu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakiuka katiba. Nchini Tanzania kosa hilo limo katika kifungu cha 217. Penye sheria ya namna hiyo, mzazi huficha na mwalimu hunyamaza. Hata hivyo ipo njia iliyo wazi: namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Miaka 100 na zaidi ya historia hii inatoa hukumu tatu. Mtoto mdogo anaweza kutamani kufa, na kukataa kuamini hivyo hakumkingi. Kumuuliza kwa upole na faraghani hakumtii wazo hilo. Na swali lisilo na msaada nyuma yake ni nusu ya kazi. Kwa hiyo mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya anayemsikia mtoto akisema anataka kufa asimkemee wala asimcheke. Amwulize, amsikilize hadi mwisho, asimwache peke yake, na amfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.